Neno moja kwenye Baba Yetu lililowatoa jasho hata Wagiriki: epiousios

#1 Mchambuamchele

Wakuu, salaam.

Juzi kati tulikuwa msibani. Marehemu Mlutheri, ukweni kwake Wakatoliki, basi ibada ikawa ya wote. Tukafika kwenye Baba Yetu. Maneno yalikuwa yanapishana hapa na pale kama kawaida, lakini kwenye chakula ndipo tulipoachana kabisa. Upande mmoja wakasema "utupe leo riziki yetu", wakamaliza. Upande wa pili "utupe leo mkate wetu wa kila siku". Waliomaliza mapema wakabaki wametulia, wanawasubiri wenzao wafike.

Nikarudi nyumbani na swali la kitoto: sasa Yesu alisema mkate au riziki? Na huo "wa kila siku" umetoka wapi, mbona wengine hawana? Nikafungua Agano Jipya la Kigiriki nikijua ni kazi ya dakika tano. Nimekaa nalo mwezi.

Mstari wenyewe, Mathayo 6:11, kwa herufi zetu unasomeka hivi: *ton arton hēmōn ton epiousion dos hēmin sēmeron*. Neno kwa neno: mkate wetu ule *epiousios* utupe leo. Artos ni mkate, hakuna ubishi. Sēmeron ni leo. Dos hēmin ni utupe. Hilo la katikati, epiousios (ἐπιούσιος), ndilo balaa.

Balaa kwa sababu ukitoa Mathayo 6:11 na Luka 11:3, yaani sala hiyo hiyo moja, neno hili halimo mahali pengine popote kwenye Biblia. Halimo kwenye Septuajinti, yaani Agano la Kale la Kigiriki. Halimo kwa Plato, Homer, wala wanahistoria wao. Limo kwenye Didakhe, kile kitabu kidogo cha Wakristo wa mwanzo, sura ya 8, lakini pale napo ni Baba Yetu imenakiliwa. Kwa hiyo ni sala moja, neno moja, basi.

Mnaweza kusema labda ni sisi tu wa leo tumelisahau. Hapana. Origen wa Alexandria, mtu wa karne ya 3, Kigiriki ndiyo lugha aliyonyonya kwa mama, aliandika kitabu kuhusu sala. Alipofika kwenye neno hili alisema wazi kwamba hakuna mwandishi wa Kigiriki anayelitumia na hata watu wa kawaida mtaani hawalisemi, na kwamba inaonekana waandishi wa Injili wenyewe ndio walioliunda. Miaka isiyofika 200 baada ya Injili kuandikwa, msomi mkubwa kuliko wote wa wakati wake anakuna kichwa.

Sasa tazama "kila siku". Kigiriki kina maneno yake ya "kila siku" na hayana fumbo. Matendo 6:1, wale wajane waliosahauliwa kwenye huduma ya kila siku, neno ni *kathēmerinos*. Yakobo 2:15, ndugu aliyepungukiwa na chakula cha siku, neno ni *ephēmeros*. Kama Mathayo alitaka kusema kila siku, hayo yalikuwepo sokoni, kwa nini atengeneze jipya? Halafu Luka ndiye anayeharibu kabisa nadharia hiyo, maana yeye ameandika "utupe *siku kwa siku* mkate wetu epiousios". Ukiweka "wa kila siku" hapo unapata "utupe kila siku mkate wetu wa kila siku". Ni kama yule anayesema "rudi tena nyuma kinyumenyume".

Wataalamu wamelivunja neno kwa njia kuu tatu.

Ya kwanza: *epi* + *ousia*. Ousia ni uwepo, asili ya kitu. Hapo ndipo alipopita Jerome alipokuwa akiisawazisha Biblia ya Kilatini mwishoni mwa karne ya 4. Kwenye Mathayo akaandika *supersubstantialem*, mkate uliopita vitu vyote, wa juu ya asili. Cha kushangaza, kwenye Luka, neno lile lile, akaacha *quotidianum*, wa kila siku, kama lilivyokuwa kwenye Kilatini cha zamani. Mtu mmoja, neno moja, tafsiri mbili. Kanisa la Magharibi likaendelea kusali na ya Luka, ndiyo maana Wakatoliki wetu leo wana "wa kila siku".

Ya pili: ousia hiyo hiyo lakini kwa maana ya kawaida, kile kinachohitajika ili mtu awepo, yaani mkate wa kututosha. Biblia ya Kisiria, Peshitta, imekwenda huko: mkate wa haja yetu. Habari Njema nayo: "Utupe leo chakula chetu tunachohitaji." Tafsiri ya Kiarabu ya Van Dyck inasema *kafāfanā*, kadiri ya kututosha. Na hii ina ndugu yake kwenye Agano la Kale, Mithali 30:8: "Usinipe umaskini wala utajiri, Unilishe chakula kilicho kadiri yangu."

Ya tatu: kitenzi *epienai*, kuja, kufuata. Wagiriki walikuwa wakisema *hē epiousa*, "ile inayokuja", wakimaanisha siku inayofuata. Hili limejaa kwenye Matendo ya Mitume, mara tano. Paulo anang'oa nanga Troa, anafika Samothrake, na *tē epiousē*, siku ya pili yake, yuko Neapoli. Kutoka epiousa kupata epiousios ni hatua moja. Maana yake itakuwa "mkate wa siku inayokuja". Mkate wa kesho! Na Jerome huyo huyo anaripoti kwamba aliona Injili waliyokuwa wakiitumia Wakristo wa Kiyahudi, na mahali pale paliandikwa *mahar*. Mahar ni kesho.

Mimi binafsi nimeegemea hii ya tatu. Ila inaniacha na mfupa kooni: mistari ishirini na tatu tu baadaye, Mathayo 6:34, Yesu anasema "msisumbukie ya kesho". Asubuhi atufundishe kuomba mkate wa kesho, halafu jioni atukataze kuiwaza kesho?

Naomba kuwasilisha. Wenye Kigiriki chao waje.

#2 kiti_cha_mbele

Nimeweka turubai hapa, nina karanga na maji. Endeleeni.

#3 Katekista wa Kigango

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu mleta mada nakushukuru, lakini umeipita tafsiri ya kwanza kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2837, inalitaja neno hili kwa jina na haikuchagua maana moja ikatupa nyingine. Inasema kwa maana ya wakati linarudia "leo", kwa maana ya ubora ni yale ya lazima kwa maisha, na likichukuliwa neno kwa neno, "juu ya asili", linamwelekea moja kwa moja Mkate wa Uzima. Ndiyo maana tunasali Baba Yetu kwenye Misa hatua chache kabla ya komunyo. Hiyo si bahati mbaya. Tayari katika karne ya 3 askofu Sipriani wa Karthago alikuwa akiufundisha mstari huu kwa njia zote mbili, mkate wa mezani na mkate wa altareni.

Soma Yohana sura ya 6 yote. Watu wanashiba mikate, kesho yake wanamfuata wakitaka mingine, naye anawaambia wasikitendee kazi chakula chenye kuharibika. Mtu aliyesema vile, akifundisha sala moja tu maisha yake yote, ataweka ndani yake ombi la ngano na shayiri peke yake?

#4 Mchambuamchele

Milele amina, katekista. Sikukusudia kuipita, niliogopa urefu wa uzi.

Tatizo langu na njia ya kwanza ni la sarufi, siyo la imani. Kwa Kigiriki, *epi* ikikutana na neno linaloanza na irabu, ile *i* ya mwisho hudondoka. Epi ikikutana na *archē* (utawala) unapata *eparchos*, liwali. Ni kama sisi: ki + ombo haibaki "kiombo", inakuwa chombo. Vi + ombo, vyombo. Kwa hiyo epi + ousia ingetoa *epousios*, bila i. Na hatubuni, maana wanafalsafa wa Kigiriki wanalo neno *epousiōdēs*, lililotoka humo humo kwenye ousia, na i haipo.

Kwenye njia ya tatu i inabaki kihalali, kwa sababu ni i ya kitenzi chenyewe: ep + iousa. Ile ya epi imeshadondoka, inayoonekana ni nyingine.

#5 frater_mstaafu

Nilikaa seminari miaka sita kabla ya kugundua wito wangu ni kuuza vipuri, kwa hiyo nichangie kidogo.

Mkuu, mfano wako wa chombo ni mzuri lakini umekuponza. Ki + ombo ni chombo, sawa. Mbona kioo si "choo"? (Na tushukuru.) Mbona kiatu si "chatu"? Kanuni ipo na inavunjwa kila siku. Kigiriki kadhalika: *epiorkos*, mwapa uongo, ni epi + *horkos*, i imebaki. *Epieikēs*, mpole, i imebaki. Utaniambia hayo yana sababu zake, kulikuwa na pumzi ya h au herufi ya kale iliyokufa. Ni kweli. Lakini mtu anayeunda neno jipya mezani kwake katika karne ya 1 hakai kuchunguza herufi zilizokufa, anafuata sikio. Na sikioni mwake kulikuwa na *periousios*, "wa pekee", lililo kwenye Kutoka 19:5 ya Kigiriki, taifa la Mungu la pekee. Origen mwenyewe ndiye aliyeyaweka haya mawili bega kwa bega, periousios na epiousios. Na alijua pia kwamba wapo watakaolitoa kwenye kitenzi cha "kuja", akalitaja hilo, kisha akachagua ousia. Huyu ni Mgiriki wa lugha anayechagua, siyo mimi na wewe wa kamusi.

Kwa upande mwingine, nikiwa mkweli, John Chrysostom, mhubiri maarufu wa karne ya 4, naye alikuwa Mgiriki wa lugha, tena mwenye ulimi wa dhahabu. Alipohubiri Mathayo akauliza "epiousios ni nini?" akajibu kwa neno moja: *ephēmeros*, wa siku. Akaendelea na mahubiri. Hakutoka jasho hata tone.

#6 Mchambuamchele

Frater, kiatu na chatu nimecheka peke yangu kwenye daladala. Nakubali, sarufi inaelekeza lakini haifungi mlango. Ila ya Chrysostom nadhani inaonyesha anavyolielewa ombi, haimaanishi anajua neno lilikotoka.

#7 mtu_wa_takwimu

Samahani wandugu. Nilisoma mahali kwamba neno hili lilipatikana kwenye karatasi ya mafunjo Misri, orodha ya posho. Kama ni hivyo hoja ya "halipo popote" imekufa, na maana ni posho ya siku. Mbona mleta mada hujaigusa?

#8 Mchambuamchele

Hii niliiweka akiba kwa sababu ni hadithi tamu.

Mwaka 1889 mwanaakiolojia Mwingereza, Flinders Petrie, alichapisha matokeo ya uchimbaji wake Hawara, Fayum, Misri. Karatasi za mafunjo zilizopatikana alizisoma A. H. Sayce. Mojawapo ilikuwa orodha ya matumizi ya nyumbani, na kwenye mstari mmoja Sayce akasoma *epiousi…*, mwisho umekatika. Miaka ikapita, watu wakaiona, wakashangilia: kumbe ni neno la kawaida la jikoni! Posho ya siku! Likaingia kwenye kamusi kubwa na kwenye vitabu vya ufafanuzi kama ushahidi. Lakini karatasi yenyewe haikujulikana iko wapi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuhakikisha. Watu walikuwa wanaamini macho ya mtu mmoja. Bruce Metzger, msomi wa Agano Jipya, alilipigia kelele jambo hilo miaka ya 1950.

Mwaka 1998 karatasi ikaonekana, iko kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Wataalamu wawili wakaisoma upya. Pale Sayce aliposoma epiousi pameandikwa *elaiou*.

Mafuta. Mafuta ya zeituni. Kwa miaka mingi watu walikuwa wanajenga teolojia ya mkate juu ya chupa ya mafuta ya kupikia.

Kwa hiyo mkuu, hoja ya "halipo popote" ilikufa kwa muda ikafufuka.

#9 kiti_cha_mbele

😂😂 Mafuta ya kupima yakaingia kwenye kamusi. Karanga zimeniishia.

#10 Yakhe wa Malindi (Unguja)

Assalaam alaykum. Miye si Mkristo lakini mada ya maneno hainipiti.

Mnalumbana kuhusu mkate, ila walioandika "riziki" mmewapita kimya. Neno hilo ni letu sote, limetoka kwenye Kiarabu, *rizq*, na kwenye Qur'ani lina uzito wake. Riziki si chakula tu. Ni kila unachopewa na Mola kikufae: chakula, watoto, mvua, hata elimu. Na haijumlishwi mbele, hutolewa. Sura Hud, aya ya 6, inasema hakuna mnyama yeyote katika ardhi ila riziki yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Na tazameni hili: kwenye Sura Al-Maida, aya ya 112 mpaka 115, wanafunzi wa Nabii Isa wanamtaka aombe meza ya chakula ishuke kutoka mbinguni. Anaomba, na ombi lake analimaliza kwa "turuzuku, nawe ndiye mbora wa wanaoruzuku". Kwa hivyo Isa akiomba riziki kwa ajili ya wanafunzi wake, hata kwetu lipo.

Nionavyo miye, aliyetia "riziki" mahala pa hilo neno gumu hakukimbia kazi. Mkate kwetu pwani ni kitu maalumu, mkate wa mofa, mkate wa kumimina, wa ufuta. Ni futari, ni chai ya asubuhi. Ukimwambia mtu wa bara aombe mkate ilhali kwake chakula ni ugali au ndizi, anaomba kitafunio. Riziki inaingia kote.

#11 Katekista wa Kigango

Wa alaykum salaam, na nakushukuru kwa aya hiyo ya meza, sikuijua.

Riziki nakubali ni neno pana. Wasiwasi wangu ni kwamba limekuwa pana mno, limemeza mkate na epiousios kwa pamoja. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya 1952, Mathayo 6:11, ni maneno manne: "Utupe leo riziki yetu." Kigiriki kina mkate, tena kina sifa ya huo mkate. Iko wapi? Na Yakobo 2:15 wakatumia riziki hiyo hiyo, "kupungukiwa na riziki", ambako Kigiriki ni maneno mengine kabisa.

#12 frater_mstaafu

Katekista, huenda sifa haikupotea, imo tumboni mwa riziki. Riziki tayari ni kadiri ya mtu, fungu lake. "Riziki haivutwi kwa kamba." Huwezi kusema hivyo kuhusu chakula. Kwenye Luka waliandika "Utupe siku kwa siku riziki yetu", na hapo ile hali ya kurudiarudia kwa Luka imetoka vizuri, maana kitenzi chake ni *didou*, endelea kutupa, wakati Mathayo ni *dos*, tupe sasa.

#13 sina_dini_nina_swali

Mungu mwenye uwezo wote anafundisha sala moja, na katikati anaweka neno ambalo hakuna anayelielewa. Watu mabilioni wanatamka kitu wasichokijua. Hamuoni kuna tatizo?

#14 Mchambuamchele

Swali halali. Lakini pima ukubwa wa tatizo. Kuna wanaosema mkate wa kesho, wa leo, wa kututosha, wa mbinguni. Hakuna hata mmoja aliyesema ni jiwe. Na Yesu hakufundisha kwa Kigiriki, alifundisha kwa Kiaramu, kwa hiyo neno hili ni jitihada ya mfasiri wa kwanza kabisa kunasa kitu alichokisikia, akakosa neno la tayari, akafua la kwake. Wote waliofuata, Wasiria, Walatini, Waswahili wa 1952, wanatafsiri tafsiri.

#15 fundi_zege

Wakuu mimi darasa la saba, Kigiriki najua "kiosk" tu sijui hata kama ni chao. Ila nimesoma uzi wote na kuna kitu mnazunguka.

Mimi ni kibarua wa zege. Saa kumi na moja alfajiri niko kijiweni, giza bado. Tunakaa pale tukisubiri gari la mtu anayetaka watu. Ukipandishwa, siku yako imepatikana. Usipopandishwa, saa tatu unarudi nyumbani na hujui utamwambia nini mama watoto. Hela tunalipwa jioni ile ile.

Sasa pale alfajiri nikisema "Mungu nipe riziki ya siku inayokuja", mimi nazungumzia kesho? Nazungumzia hii hii ambayo jua lake bado. Mla ni mla leo, mla jana kala nini. Mleta mada, nani kakwambia "inayokuja" lazima iwe kesho?

#16 Yakhe wa Malindi (Unguja)

Fundi umesema khasa. Na miye naongeza jengine. Sisi huku siku huanza jua likichwa. Alhamisi magharibi ikishaingia, ule ni usiku wa Ijumaa. Na Wayahudi vivyo hivyo, Sabato yao huingia Ijumaa jua likizama. Kwa hiyo mtu wa zama zile akisali jioni, "siku inayoingia" si kesho ya mbali. Ndiyo hiyo imeshamgongea mlango.

#17 Katekista wa Kigango

Na hapo nami nitoe changu kwa fundi. Mathayo 20, mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kuajiri vibarua kwa dinari moja kwa siku, anarudi sokoni saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja, na bado anakuta watu wamesimama. Ni kijiwe kile kile. Na Torati, Kumbukumbu 24:15, inaamuru kibarua apewe ujira wake "kwa siku yake, wala jua lisichwe juu yake". Waliofundishwa sala hii kwanza walikuwa watu wa namna hiyo.

#18 Mchambuamchele

Nilinyamaza siku tatu kwa sababu fundi alinirudisha vitabuni.

Fundi, yupo askofu na msomi Mwingereza wa karne ya 19, J. B. Lightfoot, aliyeuliza swali lako hilo hilo, na ushahidi wake ni huu. Kwenye *Krito* ya Plato, Sokrate yuko gerezani Athens, siku zake zinahesabika. Rafiki yake Krito anaingia kungali giza, anakaa kimya kando ya kitanda akimtazama analala. Sokrate akiamka anauliza ni saa ngapi, anajibiwa bado kidogo kupambazuke. Krito anampa habari kwamba ile meli takatifu itafika leo, na ikifika, anauawa kesho yake. Sokrate anajibu kwamba ameota ndoto, na hadhani meli itafika *tēs epiousēs hēmeras*, siku hii inayokuja, bali ile nyingine.

Mazungumzo ni kabla ya alfajiri. "Siku inayokuja" hapo ni ile inayotaka kukucha, na kesho anaiita "nyingine". Yaani neno halikufungwa kwenye kesho. Ukilisema alfajiri ni leo, ukilisema usiku ni kesho. Maana yake ni siku iliyo mbele yako kutoka pale uliposimama. Kiswahili chake ningesema mkate wa siku inayokucha.

Na ule mfupa wangu wa Mathayo 6:34 umeshuka. Didakhe inawaambia Wakristo wasali sala hii mara tatu kwa siku. Anayesali asubuhi anaomba ya leo. Anayesali usiku anaomba ya siku itakayokucha ili alale, asiisumbukie.

Kutoka 16 pia imekaa vizuri zaidi kichwani mwangu sasa. Mana ilikuwa ikiokotwa asubuhi ya siku ile tu, iliyolazwa ikaingia mabuu. Isipokuwa siku ya sita, waliokota ya siku mbili, na ya kesho haikuoza.

#19 frater_mstaafu

Nakubali nusu. Lightfoot amekupa wakati, ila hajaondoa ousia. Origen wangu sijamwacha.

Halafu kwa faida ya wasomaji: Wakopti wa Misri, kwenye Baba Yetu yao ya Kiarabu, mpaka leo wanasema *khubzanā alladhī lil-ghad*, mkate wetu ulio wa kesho. Wameirithi kutoka kwenye Bohairi, lahaja ya lugha yao ya kale ya Kikopti. Kwa hiyo ile mahar ya Jerome haikufa, kuna watu wanaisali kila Jumapili Cairo.

#20 Katekista wa Kigango

Na mara tu baada ya sala kwenye Luka 11, mstari wa 5, Yesu anasimulia nini? Mtu anakwenda kwa rafiki yake usiku wa manane: "nikopeshe mikate mitatu". Giza, mlango umefungwa, mkate wa kabla ya kukucha. Nimeisoma mara mia na sikuwahi kuiunganisha na mstari wa 3.

Ila nami Mkate wa Uzima sijauacha, mwelewane.

#21 sina_dini_nina_swali

Nimebaki na shaka zangu lakini hii ya chupa ya mafuta nitaisimulia ofisini.

#22 kiti_cha_mbele

Fundi wa zege na Sokrate kwenye uzi mmoja. Jamani. Fundi, ile asubuhi ulipandishwa gari au ulirudi?

#23 fundi_zege

Nilipandishwa. Ghorofa la tatu, zege ndoo kwa ndoo mpaka saa kumi na mbili jioni. Leo sijaenda, mvua. Ndiyo maana nina muda wa kusoma Kigiriki chenu.